Kupiga picha mwezi ukipatwa Nairobi: simu, superzumu, DSLR ya mtumba ama darubini?

Mwezi ukikaribia kupatwa lazima mtu aniulize anunue kamera gani, na kabla sijajibu ashaongeza la pili, ati hiyo kamera inazumu mara ngapi. Hapo ndio wengi wanapotelea, juu zumu imeandikwa kubwa kwa boksi na ndio muuzaji wa tauni atakuimbia mpaka utoe pesa. Kwa mwezi mpevu wa kawaida sina ubishi, zumu inasaidia. Lakini mwezi ukishaingia kwa kivuli na kuwa mwekundu, kinachoamua ni upana wa kioo kinachouangalia, alafu kama kifaa kinaweza kutulia, alafu kama kinaweza kushika fokasi gizani bila kuhangaika. Hayo matatu ndio nitapimia kila kitu hapa chini, na naongelea vitu mtu wa Nairobi anaweza kupata ama kuazima: simu, superzumu (kamera ya lenzi moja isiyobadilishwa, inayovuta mbali sana), DSLR ya mtumba (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) na darubini ndogo, sio zile za bei ya gari.

Kazi yenyewe kwanza

Usiku mmoja wa kupatwa una picha mbili ambazo hazifanani kabisa. Ya kwanza ni mwezi mweupe unaoliwa pole pole na kivuli cha dunia. Huo mwezi ni mawe yanayopigwa na jua la mchana, mwangaza upo wa kumwaga, weka ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), f/8 (mwanya wa lenzi, namba ikipanda mwanya unapungua), shata 1/200 ya sekunde na hata kamera mzee itakupa mashimo yote. Ya pili ndio kila mtu anaitaka, mwezi umezama wote kwa kivuli na umebaki na rangi ya shaba, na hiyo nuru kidogo inayoonekana ni ya jua iliyopenya kupitia hewa ya pembeni mwa dunia, bluu ikatawanywa njiani, nyekundu ikafika. Hapo unajikuta f/5.6, ISO 1600, sekunde nzima. Piga hesabu mwenyewe: shata imeongezeka mara 200, ISO mara 16, mwanya wa lenzi mara 2, jumla mara 6,400. Yaani kitu kile kile, usiku ule ule, umetoka kwa mwangaza wa kumwaga mpaka wa kuokota.

Na hakuna mtu wa kukupa setingi kamili mapema, usidanganywe. Kuna skeli ya Danjon, huyo alikuwa mwanaanga Mfaransa, inaenda 0 hadi 4, ambapo 0 mwezi karibu unapotea machoni na 4 unang'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Pinatubo ulipolipuka Ufilipino mwaka wa 1991, kupatwa kwa Desemba 1992 kulikuwa kweusi sana juu ya uchafu uliobaki juu angani. Basi wewe piga nusu sekunde, sekunde, sekunde mbili, utachagua baadaye ukiwa kwa nyumba.

Sasa huo upana wa kioo. Chukua milimita za lenzi, gawanya kwa namba ya f. Lenzi ya 55-250 ikiwa imevutwa yote na iko f/5.6 inakupa milimita 45 hivi. Ile ya 75-300 inakupa kama 54. Superzumu ya Nikon P900, ambayo watu huita ya 2000mm, ukisoma pale mbele ya lenzi imeandikwa 4.3-357mm na 1:2.8-6.5, hiyo 2000 ni ya kulinganisha tu na kamera za filamu, kwa hivyo gawanya 357 kwa 6.5 upate 55. Binokula ya 10x50, jibu liko kwa jina, 50. Lenzi ya kuvuta ya simu za bei kali, milimita tano sita hivi. Darubini ndogo ya kuanzia, 114. Na mwanga unaenda na upana kuzidishwa kwa wenyewe, so wa 50 dhidi ya wa 5 sio mara kumi, ni mara mia.

Ukitulia na hizo namba utaona kitu ambacho muuzaji hatakuambia: superzumu inayojigamba na DSLR ya mtumba yenye lenzi ya plastiki zinaokota mwanga unaokaribiana. Na simu peke yake iko mbali, mbali sana.

Simu peke yake

Ndio kila mtu anayo kwa hivyo tusiidharau. Lenzi yake kuu inaona mtaa mzima, mwezi unabaki kadoti. Ukiwa na ile ya kuvuta, mwezi mweupe unatoka vizuri tu: ingia modi ya Pro, ISO 100, anza na shata ya 1/500 ukishuka, na tafadhali shusha mwangaza, juu ukiiachia simu ijiamulie itakupa sahani nyeupe isiyo na kitu ndani. Mwezi ukishakuwa mwekundu simu inaanza kubahatisha, inasugua picha mpaka mwezi unakaa chungwa lililoiva kupita kiasi.

Alafu kuna hili la kujua kabla hujaanza kujigamba kwa grupu. Mwaka wa 2023 kuna mtu wa Reddit aliblari picha ya mwezi makusudi, akaiweka kwa skrini ya kompyuta, akazima taa, akaipiga na Samsung yenye Space Zoom, na simu ikatoa mwezi wenye undani ambao haukuwa kwa ile skrini. Samsung wenyewe wakaeleza kwamba ile Scene Optimizer inatumia akili mnemba kutambua mwezi na kuuongezea undani. Sisemi ni dhambi. Lakini kama unataka picha ya kile macho yako yaliona, hasa usiku ambao mwezi hauko kawaida, zima hiyo kitu.

Mahali simu inashinda wote ni mwezi pamoja na mahali ulipo. Mwezi mwekundu umeketi juu ya maghorofa, mtu amesimama kwa rufu, kamba za nguo zinaonekana. Hiyo picha lenzi ndefu haiwezi, na ukiniuliza ndio watu huangalia mara mbili. Pia inashinda kama mawingu yanapita pita, juu unaichomoa mfukoni, sekunde tano umemaliza, wakati mwenye darubini bado anatafuta skrubu gizani.

Simu ikiwa nyuma ya kioo kingine

Hii ndio njia ya bei nafuu ya kutoka milimita 5 kuelekea 50 na nashangaa venye watu hawaitumii. Unachukua binokula ya 10x50, unaweka simu nyuma ya jicho moja kwa kishikilio cha kufunga na skrubu, na kwa sababu mwanga unaotoka nyuma ya hiyo binokula una upana wa milimita 5, lenzi kuu ya simu inaumeza sehemu nzuri. Mwezi utakuwa piksoli 300 hivi kwa upana, mdogo lakini wa kweli, unatosha statasi na unatosha kuonyesha ule mstari wa kivuli ulivyopinda. Kama huna tripodi ya binokula, kilo mbili za maharagwe kwa mfuko, weka juu ya ukuta, lalisha binokula hapo, haitikisiki. Usishike kwa mkono, utalia.

Darubini ni hadithi kubwa zaidi. Ya 114mm yenye urefu wa 900mm, ukiweka kioo cha jicho cha 25mm, inakuza mara 36 na inaokota mwanga mara tano ya binokula. Yaani simu yako ya kawaida nyuma ya hiyo darubini inapata mwanga mwingi kuliko superzumu na DSLR zote nilizotaja, na wakati mwezi umekuwa mwekundu unaweza kuanza na ISO 800 na robo sekunde wakati mwenzako anangoja sekunde nzima. Kwa karatasi hakuna kinachoikaribia.

Lakini karatasi haikai kwa rufu. Darubini nyingi za bei ya chini zinakuja na miguu ya bati, ukigusa simu ubonyeze, mwezi unacheza chakacha sekunde tatu. Tumia taima ama kitufe cha waya cha masikio, usiiguse. Alafu dunia inazunguka, kila dakika chache mwezi unatoka kwa kioo unausukuma tena, na kufunga simu ikae katikati kabisa ya jicho la darubini ni kazi ya subira, kwa hivyo zoea mchana ukilenga nguzo ya stima mbali, sio usiku wa tukio. Ukipata ile ya Dobsonia ya 150mm inayokaa chini kwa sanduku lake hiyo ni raha, imetulia kama jiko. Na ukiona boksi limeandikwa inakuza mara 675, rudisha pole pole ukatoke dukani. Kioo cha 114 kikijaribu sana kinafika mara 230 hivi, baada ya hapo unakuza ukungu.

Kitu kingine, darubini inavuta watu. Nikiwa juu ya ploti usiku wa Septemba 7, 2025, kupatwa kulianza kuonekana saa 1:27 usiku, mwezi ukazama wote saa 2:30 mpaka saa 3:52, na kabla hata ya saa mbili keateka alikuwa ameshapanda ngazi na tochi.

"Mkubwa, hiyo ni ya mwezi ama mnaangalia nyumba za watu?"

"Kuja uone mwenyewe, mzee."

Akainama, akanyamaza kidogo, alafu akaenda kuita wanawe. Mmoja mdogo akaniuliza, "Anko, nani ameuchoma?" Nikamwambia hiyo ni dunia yetu imesimama kati ya jua na mwezi, hiki ni kivuli chetu, akaangalia miguu yake kama anatafuta mahali kivuli kimetokea. Kama unataka picha tu bila laini ya watoto wa floo zote, chukua kamera. Kama hujali, darubini ndio inafanya usiku uwe wa watu wengi, na hakuna haja ya miwani yoyote, miwani ni ya kupatwa kwa jua.

Superzumu na DSLR ya mtumba

Hapa ndio pesa za watu wengi ziko kwa hivyo wacha tukae.

Superzumu kama P900, P950 ama P1000 ni kitu kimoja, hakuna lenzi za kubadilisha, skrini inageuka, na kwa mwezi mweupe inafurahisha vibaya sana. Kwa 2000mm mwezi unajaza kama asilimia 70 ya urefu wa fremu, watu wanaoona mara ya kwanza hupiga kelele. Ya P1000 inayofika 3000mm imepitiliza hata, mwezi mara nyingi unakatwa juu na chini na inabidi urudi nyuma kidogo uingie wote. Kwa DSLR yenye 55-250, mwezi ule ule ni piksoli 500 hivi kwa sensa ya megapikseli 18, katikati ya weusi mtupu, na itabidi ukate picha sana. Hapo superzumu imeshinda bila mjadala, kama kazi yako ni mashimo ya mwezi nenda nayo na usisome zaidi.

Sasa mwezi ufe. Nilikuwa na jirani mwenye superzumu pale pale juu, tumesimama hatua chache, na muda wote mwezi ukiwa mweupe nilikuwa namuonea wivu. Ile sehemu ya mwisho nyeupe ilipobaki kama ukucha, kamera yake ikaanza kutafuta fokasi, lenzi inaenda mbele inarudi, inaenda inarudi, unaisikia kabisa, na kwa skrini mwezi unavimba unakuwa puto alafu unarudi. Akipata, amebonyeza, imesahau, inaanza upya. Mimi nilikuwa nimeweka fokasi saa moja hivi, mwezi ukiwa bado mkali, nikakuza laivu viu (picha inayoonekana kwa skrini) mara 10 kwa ukingo wenye mashimo, nikasukuma swichi ya AF (fokasi ya kujitafutia) ikazima, nikapiga selotepu kwa ringi. Kutoka hapo sikuigusa mpaka mwezi ukatoka mweupe tena. Superzumu pia zina fokasi ya mkono, lakini nyingi unaizungusha kwa kitufe kidogo ukiangalia skrini, gizani, na vidole vimeshikwa na baridi, si sawa na ringi unayoweza kufunga na selotepu.

Ya pili ni RAW, yaani faili la picha ambalo kamera haijalipika. P900 haina, inakupa JPEG peke yake, na JPEG ya ISO kubwa kutoka kwa sensa ndogo kama ukucha inakuja imeshapakwa pakwa. P950 na P1000 ziko na RAW, kwa hivyo kama unachagua kati yao usikubali kuuziwa P900 kwa bei inayokaribia ya P950. DSLR yoyote hata ya miaka mingi iliyopita inakupa RAW, na rangi ya mwezi mwekundu utaipanga baadaye kwa utulivu: kamera ikiachiwa ijichagulie weupe wake itajaribu kuondoa ile nyekundu ikidhani ni taa ya balbu. Weka alama ya jua, ile ya mchana, uache hapo.

Kuna kitu watu husema ambacho si kweli kamili, ati superzumu inablari zaidi juu imevuta zaidi. Mwezi unatembea angani upana wake mmoja kwa kama dakika mbili, kwa hivyo kwa sekunde moja unasogea sehemu moja ya 120 ya upana wake, iwe uko na simu, superzumu ama darubini ya chuo kikuu. Blari ni ile ile, ukiziweka picha saizi moja kando kwa kando utaona. Tofauti ni superzumu inakuonyesha, DSLR inakuficha juu mwezi wake ni mdogo. Mtikisiko wa tripodi ndio mwingine, na hapo kweli mvuto mrefu unateseka, lori likipita barabarani unaliona kwa skrini.

Kwa ukweli, kama mtu amenisimamisha barabarani nimjibu haraka: unataka usiku wa kupatwa peke yake, chukua DSLR ya mtumba na 55-250, na pesa inayobaki weka kwa tripodi nzito. Unataka kitu cha mwaka mzima, ndege wa Naivasha, ndege za kutua pale JKIA, mwezi kila mwezi, na kupatwa kukija kukujie, chukua P950. Mwili wa DSLR hauna maana sana hapa, kama ukipata yenye skrini inayogeuka, mfano Canon 600D, shika hiyo kabla ya mpya isiyogeuka, juu hapa kwetu ikweta mwezi hupanda juu sana na kupiga magoti chini ya kamera ukiangalia utosini shingo itakukumbusha wiki nzima.

Ukinunua mtumba, washa tochi ya simu upitishe nyuma ya lenzi uangalie mbele, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui huo ni ukungu umeota ndani, wacha. Pima pia kama lenzi ikielekezwa juu inateleza yenyewe, zile 75-300 za zamani nyingi zimelegea. Na kwa tripodi zima ile IS (ya kutuliza lenzi mkono ukitikisika), huwa inajitikisa ikitafuta mtikisiko ambao haupo. Taima ya sekunde 2, betri ya pili mfukoni, kitambaa kikavu cha umande, basi.

Kuna wanaotaka kuunganisha DSLR moja kwa moja kwa darubini na T-ring, ile ringi ya kuunganisha. Inawezekana na kwa 900mm mwezi unakaa milimita 8 hivi kwa sensa, vizuri kabisa, ila hizo Newtonia (darubini za kioo cha kuakisi) ndogo nyingi fokasi haifiki mpaka uongeze Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji), na miguu yake haiwezi uzito. Jaribu kwanza na kitu cha kuazima.

Traka ununue?

Hapana, si kwa hii kazi. Vile vifaa vya kufuata nyota vimetungwa na watu wanaoishi kaskazini, maelezo yake yanaanza na "tafuta nyota ya Polaris". Nairobi iko digrii 1.3 kusini ya ikweta, Polaris, ile nyota ya ncha ya kaskazini, iko chini ya upeo, haionekani, na ncha ya kusini ya anga iko digrii 1.3 juu ya ardhi, yaani nyuma ya ghorofa ya mtu. Mhimili wa traka unabaki karibu umelala kabisa, na stendi nyingi zikilazwa hivyo uzito wa nyuma unagonga mguu wa tripodi. Kwa picha ya sekunde moja ya mwezi huihitaji. Kwa Njia ya Maziwa, hiyo ni habari nyingine.

Rufu, kompaundi ama utoke nje ya jiji?

Watu hudhani lazima uende Magadi ama Ngong Hills. Kwa mwezi hakuna haja, taa za Nairobi hazifanyi kitu kwa mwezi, hata ukiwa mwekundu. Zinafuta nyota zilizo karibu nao tu, kwa hivyo kama unataka mwezi mwekundu katikati ya nyota nyingi toka, lakini toka na watu na uwe umepanga na mwenye mahali, kamera usiku peke yako barabarani sio kitu cha kujaribu.

Kati ya rufu na kompaundi mimi nachukua kompaundi kama ipo. Rufu ina upeo mzuri lakini slabu inatikisika mtu akitembea, na pampu ya tanki ikiwaka unaona kwa picha. Kompaundi shida yake ni ile sekuriti laiti ya jirani inayowaka kila paka akipita, simama nyuma ya gari ama ukuta ikukinge. Kama huna kifaa chochote na bado unataka kuona vizuri, Travelling Telescope ya Susan Murabana na Chu Owen huwa wanafanya maonyesho ya watu wote hapa Nairobi, fuatilia wanatangaza lini.

Kifaa kipi kwa kupatwa kupi

Hii ndio sehemu ingefaa iamue pesa yako, juu kupatwa hakufanani.

Agosti 28, 2026 ni nusu nusu na ni alfajiri. Kivuli kinaanza kuuma saa 11:33, na mwezi unazama magharibi kama saa 12:30 ukiwa umeliwa zaidi ya nusu ya upana wake, kabla haujafika kilele. Utakuwa chini kabisa, upande wa vilima vya Ngong ukiwa Lang'ata ama Karen. Hapa superzumu ama DSLR na lenzi ya kati, mwezi na mgongo wa kilima fremu moja. Darubini iache ilale. Hakuna sehemu ya giza la kukutesa kwa hivyo ile hesabu ya upana wa kioo haikubani.

Julai 6, 2028, nusu nusu tena, kilele saa 3:19 usiku, kama asilimia 39 ya upana. Julai ya Nairobi unaijua, wiki nzima ya wingu la kijivu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Mimi singenunua kitu kwa ajili ya hiyo. Simu mfukoni, likifunguka sawa.

Desemba 31, 2028 ndio kubwa, na ni Jumapili ya kufunga mwaka. Mwezi unachomoza tayari umeanza kuliwa, unakuwa mwekundu wote saa 1:16 mpaka saa 2:28 usiku, na muda huo uko chini chini mashariki, kaskazini kidogo. Hapa simu nzuri kwa tripodi inaweza kuishinda superzumu, juu picha iko kwa mwezi mwekundu na jiji chini yake, watu wakielekea kesha. Tafuta mahali panaangalia mashariki bila ghorofa mbele, nenda hapo jioni ya siku yoyote mapema uone. DSLR ukiwa nayo weka kama 100mm, sio 250.

Juni 26, 2029 ni alfajiri tena, wote unaingia kwa kivuli saa 11:31 na unazama ukiwa bado humo, huku anga inapambazuka na kuufuta. Hiyo ngumu kwa kifaa chochote, kioo kipana ndio kina nafasi.

Alafu usiku wa kuamkia Desemba 21, 2029, kilele saa 7:42 usiku wa manane, mwezi uko juu sana, giza kamili, dakika 54 za wekundu. Hii ndio ya darubini na simu, ama DSLR na kila milimita uliyo nayo. Kama unaweka pesa kidogo kidogo ya kioo cha 150mm, lengo lako liwe hiyo, na kama ni kukodisha lenzi tauni, bukia mapema Novemba, juu Desemba wapiga picha wa harusi wanazifagia zote.